Sumu ya Panya, Mlango wa Pili Kulia

Mdogo wangu wa kike tunamwita Kirukanjia, na jina hilo nilimpa mimi. Wapo watakaowaambia alipewa na mama yetu, au na majirani, au kwamba lilijileta lenyewe. Hao waacheni na maneno yao. Kirukanjia ni yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, anayefanana na panya ila si panya, ambaye ukimwona anakatiza uani unajua kwamba ana haraka na ana njaa. Mdogo wangu alikuwa hivyo tangu anatambaa. Mwembamba, mwepesi, pua mbele, hatulii mahali, na sufuria haifunuliwi jikoni yeye asijue.

Siku moja, akiwa bado kibogoyo wa meno ya mbele, alimkamata kirukanjia wa kweli stoo. Akatafuta mahali pa kumlaza, akaona hakuna kitanda kizuri kama kiatu changu. Tena si kiatu cha kila siku. Kiatu changu cha sherehe, cheusi, chenye kamba. Mimi nikaja nikakivaa kwa madaha, maana wakati huo nilikuwa kijana wa kutazamwa, nikaumwa kidole gumba. Watu wa nyumbani husema nililia. Sikulia, nilitoa sauti. Mama alikuja mbio na mwiko mkononi, baba akaja na jembe akidhani ni nyoka, na katikati ya zogo lote hilo mdogo wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya mguu wangu, pua karibu iguse kidole, ananiuliza:

"Kaka, inauma kama nyuki au inauma kama sindano?"

Hakuuliza kama nitapona. Hakuuliza kama nimekasirika. Alitaka kujua inauma namna gani.

"Inauma kama kirukanjia," nikamjibu. "Na kirukanjia mwenyewe ni wewe."

Basi jina likamganda mpaka leo, ana watoto wawili na miwani.

Yeye alisoma. Mimi shule niliiacha kwa hiari yangu, baada ya shule yenyewe kukataa kuendelea na mimi, nikajifunza ushonaji viatu, na sijisifu, ila kama umewahi kupita mtaa ule ukamwona mtu anatembea bila kuchechemea, huenda ni kazi yangu. Kibanda changu kinatazamana na jumba la makumbusho. Nikikaa kwenye kigoda changu, nyundo mkononi na misumari midomoni, naliona lote: geti la chuma, ngazi chache, ukumbi, na milango iliyopangana. Mlango wa pili kulia ndio chumba cha mdogo wangu. Aliajiriwa pale kutunza chumba kimoja na kuwaeleza watu kilichomo, na chumba chenyewe hakuna aliyekitaka, kwa sababu taa yake ya mrija ilikuwa inapepesa na ndani kunanuka dawa ya nondo.

Kilichomo ni wanyama waliokaushwa na kujazwa pamba, kila mmoja ndani ya sanduku la kioo. Wote wanazaa au wanataga, lakini wote wananyonyesha, na wote wana sumu. Ndiyo, umesoma sawasawa. Nyoka kuwa na sumu, hilo tumezaliwa tukalikuta. Nge, sawa. Lakini mnyama mwenye manyoya, anayewanyonyesha wanawe kama mama yako alivyokunyonyesha wewe, naye awe na sumu? Mimi mwenyewe sikuamini, na mimi si mtu wa kubabaishwa.

Siku ya kwanza aliyonitembeza alianza na kinyamadege. Huyo ana mdomo wa bata, mkia bapa na miguu ya kuogelea. Nikamwambia aliyemkausha alichanganya mizigo ya watu wawili.

"Ndivyo alivyo, Kaka. Tazama mguu wa nyuma."

Nikatazama. Kisigino kina kipi, kama kipi cha jogoo.

"Dume peke yake ndiye mwenye nacho. Kina tundu katikati, na mrija unaokwenda mpaka kwenye tezi ya pajani. Ukifika msimu wa kutafuta majike, sumu inajaa. Madume yanapigana mateke ya visigino. Mtu akichomwa hafi, lakini maumivu yake hata dawa kali za hospitali hazifui dafu."

"Kwa hiyo sumu yote hiyo ni kwa ajili ya kuposa."

"Kwa ajili ya kumwondoa mwenzake anayeposa."

"Mimi ujana wangu nilikuwa na viatu vya ncha kwa kazi hiyohiyo."

"Tofauti ni kwamba kinyamadege hupata mke."

Mke nilimpata, mkitaka kujua. Ila kweli ni baada ya kubadili viatu.

Akanipeleka kwa lorisi, mnyama wa mtini, macho mviringo kama vifungo vya koti, mwendo wake wa taratibu kama mtu anayekwenda kulipa. Aliyemkausha alimnyanyua mikono yote miwili juu ya kichwa, ungedhani amekamatwa na polisi. Kumbe anajaza risasi. Upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, kuna tezi. Analamba pale, majimaji yake yanachanganyika na mate, na hapo ndipo jino linapokuwa na sumu. Mara nyingi wanaoumwa ni lorisi wenzake, na kidonda kinaweza kuoza. Popo anayekunywa damu alining'inia kichwa chini jirani yake. Mate ya huyo hayaui mtu, kazi yake ni kuizuia damu isigande, ili ng'ombe aliyelala aendelee kutoka damu na usingizi wake uendelee. Huyo ndiye hasa mwenye haki ya kuitwa anayeuma na kupuliza. Hawa wa mtaani kwetu wanaiga tu.

Halafu kirukanjia. Si wa uani kwetu. Ni wa mbali, wa nchi za baridi, mwenye mkia mfupi. Mdogo wangu akisimama mbele ya sanduku lile sauti yake hubadilika, anaongea kama anayemtaja ndugu. Mnyama yule mwili wake unaunguza chakula upesi mno, asipokula saa chache anakufa, kwa hiyo hawezi kuwinda leo akangoja kesho. Afanyeje? Mate yake yana sumu inayopooza. Anamuuma mdudu au konokono, hamwui, anamlaza tu, anamburuta mpaka shimoni, anamweka. Yu hai, haozi, hasogei. Ni akiba.

"Kama mume wako kwenye kochi," nikamwambia.

"Shemeji yako anafanya kazi ya zamu, mwache apumzike."

"Na huyu wa kwetu, aliyeniuma mimi? Sumu yake ilikuwa kali sana."

"Wa kwetu hakuna aliyethibitisha kama ana sumu, Kaka. Ulilia bure."

"Sikulia."

Wa mwisho, ukutani, peke yake, ndiye mnyama anayempenda kuliko wote: panya wa kishungi. Mkubwa, manyoya marefu ya kijivu, na ubavuni ana mstari wa nywele za namna nyingine. Huyo sumu hana. Anaazima. Anakwenda kwenye mti wa msunguti, ule ambao wawindaji walikuwa wakichemsha magamba yake wakapaka mishale, anatafuna gamba, analichanganya na mate, kisha anajipaka zile nywele za ubavuni, ambazo ndani yake zina matundu kama sifongo na zinanyonya. Mbwa akimkosea adabu akamtia mdomoni, mbwa anaanguka. Panya anakwenda zake.

"Na yeye haimdhuru?" nikauliza.

"Hilo ndilo wataalamu bado wanalichunguza."

Nikaona mdogo wangu amepata kazi inayomfaa. Tatizo ni kwamba aliipata peke yake. Watu hawakuwa wakiingia. Waliingia chumba cha kwanza kutazama mifupa ya tembo, wakapiga picha, wakatoka. Wengine walifungua mlango wa pili, wakanusa dawa ya nondo, wakaufunga.

Ndipo siku moja asubuhi mkuu wa jumba akaingia chumbani mwake na futi kamba, anapima. Mkuu yule si mtu mbaya. Ni mpole, shati lake limenyooshwa na pasi mpaka linasimama lenyewe, na wanyama wale anawajua kwa majina yao ya kitaalamu. Lakini alikuwa anapima.

"Unapima nini, Bwana Mkuu?"

"Viti," akasema, bila kumtazama. "Ukumbi wa mikutano hauna mahali pa kuwekea viti. Na chumba hiki, wewe mwenyewe unaona."

"Naona nini?"

"Huoni mtu. Ndicho unachoona."

Wanyama wangefungwa kwenye makasha, na yeye angehamishiwa getini. Ila mkuu, kwa kuwa ana huruma, akamwachia upenyo: wajumbe wa kamati watakuja kulitembelea jumba Jumamosi. Kabla ya hapo aruhusiwe kuweka kibao barabarani kuwaita watu. Wajumbe wakikuta watu, mazungumzo yatakuwa mengine. Wakikuta nondo, ni viti.

Mchana ule alivuka barabara akaja kibandani kwangu. Nikamsogezea mkate na chai. Hakuutazama mkate. Mnajua nimesema nini hapo? Kirukanjia hakuutazama mkate. Nikatoa misumari mdomoni.

"Kuna nini?"

Akanieleza. Nikamwambia getini si pabaya, kuna kivuli na kuna kiti, watu wanapita, utapiga nao soga.

"Kaka, getini watu wanauliza choo kiko wapi."

"Na chumbani?"

"Chumbani, wakija, wanauliza kwa nini."

Nikaifunika chai yake, nikasimama. Nikampeleka kwa mchora vibao, ambaye kibanda chake kimepakana na changu na ambaye rangi yake nyekundu inaonekana hata ukiwa umefumba macho. Mdogo wangu alikuwa ameshaandika maneno kwenye kikaratasi. Alitaka kumtanguliza kipenzi chake, kisha wengine wafuate: sumu ya panya, sumu ya popo, sumu ya lorisi, sumu ya kinyamadege. Mchora vibao akasoma, akapima ubao kwa viganja.

"Hawa wawili wa mwisho hawaingii. Na wa kwanza lazima awe mkubwa, ndiye mwenye wateja."

"Kweli?" Mdogo wangu akafurahi. "Nami naona hivyohivyo. Panya ndiye wa kuwavuta."

"Panya yuko kila nyumba, dada. Bei nisiandike?"

"Bei iko getini."

"Basi sawa."

Mimi nilikuwapo, nimesikia kila neno, na nawaambia wazi, nilikwishaona. Kichwa changu kinakwenda mbele ya vichwa vingine, ni kipaji. Nikauma midomo, nikarudi kushona soli.

Rangi ilikauka Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi kibao kikasimamishwa nje ya geti, kinanitazama usoni: SUMU YA PANYA. SUMU YA POPO. INGIA NDANI, MLANGO WA PILI KULIA.

Sikumaliza hata kupaka gundi kiatu cha kwanza. Bwana mmoja mwenye baiskeli akafunga breki.

"Fundi, hapo ndipo kuna sumu ya panya?"

"Mlango wa pili kulia."

"Ni kali?"

"Ndugu yangu, mbwa akiionja anaanguka."

Akaegesha baiskeli. Sasa niambieni, uongo wangu uko wapi hapo? Baada yake wakaja akina mama wawili waliokuwa wanaelekea sokoni, kisha kijana mwenye duka la nafaka, kisha mzee aliyesema popo wamehamia darini kwake na wanamnyima usingizi. Kila aliyeuliza nilimjibu neno moja lilelile: mlango wa pili kulia. Wengine wakawapigia simu jirani zao. Foleni ikatoka mlangoni, ikapita mifupa ya tembo, ikashuka ngazi. Nikaona kazi yangu ya siku ile haiko tena kwenye viatu. Nikafunga kibanda, nikaingia na kiatu kimoja cha mteja mkononi ili nionekane nina shughuli.

Chumbani, mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya panya wa kishungi, amevaa gauni lake la bluu la kazi, uso umemeremeta kama aliyeshinda bahati nasibu. Mbele yake, wa kwanza kwenye foleni, alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mama wa miraba minne, mikono yake inajua kugeuza masufuria yanayolingana na pipa.

"Karibu, mama," akasema mdogo wangu. "Nashukuru umekuja."

"Ahsante, mwanangu. Nipe ya ghala. Ghala la unga. Na unipe ya kutosha, panya wangu ni wakubwa, tena wana akili."

"Huyu hapa naye ni mkubwa, na ana akili kweli."

Mpishi akamtazama panya kwenye kioo. "Huyu ni wa kuonyeshea tu?"

"Ndiyo, amekaushwa."

"Haya. Ni ya unga au ya vidonge?"

"Ya mate, mama."

"Ya maji? Ya maji inamwagika."

"Ni mate. Panya mwenyewe anatafuna gamba la mti, linachanganyika na mate yake."

"Vizuri, anatafuna. Halafu anafia palepale, au anakwenda kufia darini? Maana wa darini wananuka."

"Hafi, mama."

Foleni yote ikanyoosha shingo.

"Hafi?"

"Hafi hata kidogo. Anajipaka mwilini, anapata nguvu ya kutembea bila wasiwasi. Anayekufa ni mbwa."

"Mbwa wangu namtaka," akasema yule bwana wa baiskeli kutoka nyuma.

Mpishi akaweka kikapu chake chini taratibu, kama mtu anayejiandaa. "Ngoja nielewe, mwanangu. Nimeomba ruhusa kazini. Nimelipa getini. Nimepanga foleni. Ili uniuzie dawa ambayo panya wangu anajipaka, anapata nguvu, na mbwa wa jirani anakufa?"

Mimi nilikuwa nimejificha uso nyuma ya kiatu, mabega yananitetemeka. Mdogo wangu akaniona. Akatazama foleni, akanitazama tena, na nikaona kitu kinamwingia polepole.

"Kaka," akasema, "kibao kimesemaje?"

"Kimesema ulichoandika."

Akafumba macho kidogo. Mtu mwingine pale angetafuta pa kutokea, na nadhani hata yeye aliutazama mlango, ila mlango ulikuwa umejaa watu. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa.

"Nisameheni. Niliandika sumu ya panya nikimaanisha sumu aliyonayo panya. Nyinyi mmesoma sumu ya kumwua panya. Nanyi mmesoma sawasawa, maneno ni hayohayo. Hapa hatuuzi kitu. Nitawaombea mrudishiwe kiingilio."

Wakaguna. Wawili watatu wakageuka. Mpishi akaokota kikapu, lakini macho yalikuwa bado kwenye kioo.

"Na huyu hiyo sumu anaitoa wapi? Anazaliwa nayo?"

"Hapana. Anaazima kwa mti. Wa kuzaliwa nayo ni hawa wengine." Akaonyesha ukuta mzima. "Kuna sumu ambayo wewe ndiye unayeifuata, ukaila au ukaiuma, ikakudhuru. Hiyo ndiyo ya panya huyu. Na kuna sumu inayokufuata wewe, ina jino, au ina kipi."

"Ndiyo maana wangu hawafi," akasema mpishi. "Wanajipaka."

Watu wakacheka, na waliokuwa wamegeuka wakageuka tena. Yule mzee wa popo akauliza, basi popo je? Mdogo wangu akawapeleka kwa popo. Mzee akataka kujua kama wa darini kwake wanaweza kumnyonya akiwa amelala. Akaambiwa wale wa damu wako mbali sana na hapa, wa kwake wanamfuata mdudu aliye kwenye taa yake. Akaonekana kama amevunjwa moyo kidogo. Wakaja kwa kirukanjia na akiba yake ya walio hai, na mama mmoja akasema anamjua mwanamke mwenye tabia hiyo, akamtaja kwa mtaa. Wakamtazama lorisi, bwana wa baiskeli akanyanyua mikono kumwiga. Mdogo wangu alikuwa hashikiki. Aliruka kutoka sanduku hadi sanduku, pua mbele, na kila swali la kwa nini lilikuwa kama mkate kwake.

Wakafika kwa kinyamadege.

"Huyu sasa," akasema, akashusha sauti, na watu wakasogea, "ana mdomo wa bata, lakini msiuogope mdomo. Silaha yake iko mguuni. Na siku anayoitumia kuliko zote ni siku anapokwenda..."

"Samahani, tupisheni kidogo," ikasema sauti mlangoni.

Bwana Mkuu. Nyuma yake wajumbe wa kamati, wamevaa suti, na mbele yao mwenyekiti, mzee mfupi mwenye fimbo isiyogusa chini. Mkuu alikuwa anang'aa uso. Hakujua lolote. Alikuwa ameona foleni tu.

"Kama nilivyowaeleza," akawaambia, "chumba hiki kimeanza kupendwa."

Mwenyekiti akamgeukia yule kijana wa duka la nafaka. "Ninyi mmefuata nini hapa, kijana?"

"Sumu ya panya, mzee."

"Safi sana," akasema mwenyekiti, akamtazama panya wa kishungi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Vijana wanapenda elimu."

Basi ilikuwa imekwisha. Alichotakiwa mdogo wangu ni kunyamaza. Nilimkazia macho, nikamfanyia ishara kwa kiatu: nyamaza. Chumba kilikuwa chake. Naye akanitazama sawasawa na siku ile aliyopiga magoti mbele ya kidole changu.

"Mwenyekiti," akasema, "hawa walikuja kununua dawa ya kuua panya. Kibao kiliwapotosha, na maneno ya kibao niliyaandika mimi. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya wanyama."

Uso wa mkuu ukapoteza mwanga wake. Mwenyekiti akageuka, akasoma foleni upya, vikapu, baiskeli iliyoonekana dirishani, kiatu mkononi mwangu. Mjumbe mmoja akakohoa. Nikawaza viti. Nikaviona kabisa vimepangwa, kimoja juu ya kingine, mpaka darini.

"Mmeshaambiwa kwamba dawa hakuna?" mwenyekiti akawauliza watu.

"Tumeambiwa zamani," akasema mpishi.

"Basi mnangoja nini?"

"Huyu wa mguu." Akamwelekezea kinyamadege kidole kinene. "Alikuwa anasema, siku anayoutumia ni siku anapokwenda. Anapokwenda wapi? Mmeingia mkamkatiza. Mimi nimelipa, baba yangu, na sitoki hapa mpaka nijue anakwenda wapi."

"Na mimi," akasema mzee wa popo.

Wajumbe wakatazamana. Kisha mwenyekiti akatafuta pa kukaa, akaona kigoda pembeni, cha ngozi, kilichoshonwa kwa uzi wa nta mishono miwili miwili, kazi ambayo sisemi ni ya nani. Akaketi, fimbo magotini.

"Anakwenda wapi?" akamwuliza mdogo wangu.

"Kuposa, mzee."

Nadhani kicheko kile walikisikia mpaka kwenye mifupa ya tembo. Akawaeleza yote, kipi, mrija, tezi, madume yanavyopigana mateke ya visigino majini, na maumivu yasiyosikia dawa. Akamaliza, watu wakaanza kuyapima maumivu hayo, kila mtu kwa mguu wake. Ndipo mwenyekiti akanyanyua kichwa.

"Hebu niambie. Yanauma kama nini? Kama nge?"

Mdogo wangu akanitupia jicho. Akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika sanduku.

Viti vilitafutiwa mahali pengine. Sasa viko chini ya ngazi, vimefunikwa turubai, na hakuna aliyekufa. Mwenyekiti alitoa sharti moja, kwamba kibao kirekebishwe, umma usipotoshwe tena. Mdogo wangu akataka maneno yote yaandikwe upya kwa kirefu na ufafanuzi. Mchora vibao akasema ubao una nafasi ya neno moja tu, tena la herufi chache, na rangi iliyobaki ni nyekundu. Wakabishana jioni nzima. Mwishowe mimi, kama kawaida, nikawapa neno.

Kibao bado kiko pale, kinanitazama usoni kila siku. SUMU YA PANYA. SUMU YA POPO. INGIA NDANI, MLANGO WA PILI KULIA. Na chini kabisa, kwa mwandiko mkubwa kuliko wote: HAIUZWI.

Tangu hapo ndiyo balaa. Mwenye panya anasimama, anasoma, anakunja uso. Asiye na panya naye anasimama. Mpishi wa shule amekwisha kuwaleta wanafunzi wake, na mara nyingine wapishi wenzake. Taa ya mrija imebadilishwa. Mdogo wangu anakula mkate wake akiwa amesimama, kati ya sanduku na sanduku, kwa sababu hapewi nafasi ya kukaa, na akifika kwa kirukanjia huwasimulia kisa cha kaka yake aliyelia kwa kuumwa na mnyama asiyejulikana kama ana sumu. Nimemwambia mara nyingi aseme nilitoa sauti. Hasikii.

Na mimi nipo hapa kwangu, misumari midomoni. Hivi sasa ninavyoandika kuna bwana amesimama mbele ya kibao, mkoba begani, amekisoma mara mbili. Anavuka barabara.

"Fundi, samahani. Kwa nini haiuzwi?"

"Mlango wa pili kulia," nikamwambia.